Wasifu wa Nkambo na Miaka ya Bendera

Mazungumzo ya leo yanaelekea Bendera, kaskazini mwa mji wa Kalemie, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayopanda kwenda Fizi na Uvira. Watu wa mbali wanaijua Bendera kwa mambo mawili tu: maji ya mto Kiymbi yanayozungusha mitambo ya umeme, na vita. Leo tuifikie kwa njia nyingine, kupitia ule wasifu wa marehemu unaosomwa kwenye kilio.

Kila aliyewahi kuketi matangani anaujua. Turubai limefungwa kwenye miti, mabenchi yameazimwa kanisani, kina mama wameketi mikekani na vitenge vimekazwa kiunoni. Kijana mmoja wa familia, kwa kawaida yule aliyesoma kuliko wenzake, anasimama na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Anasoma kwamba nkambo, yaani bibi yake, alizaliwa karibu na mwaka 1945, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto tisa, wakabaki sita, na wajukuu hawahesabiki. Alikuwa mcha Mungu, alipenda watu, mlango wake haukufungwa. Karatasi imekwisha. Dakika tatu hazijatimia, na pasta tayari amekwisha kufungua kitabu cha nyimbo.

Maneno hayo yote ni ya kweli, na hakuna wa kumlaumu kijana. Ila mtu aliyezaliwa karibu na mwaka 1945 katika eneo la Kalemie amepita ndani ya mambo ambayo vitabu vizima vimeandikwa juu yake, Brussels, Havana hata New York. Inakuwaje basi vita vya hapo kijijini vipate kurasa mia mbili, na mama aliyevikimbia akiwa na mtoto mgongoni apate mistari sita?

Tumchukue nkambo wa namna hiyo tumpime na miaka yake. Jina hatumpi, kwa sababu si mtu mmoja. Ni hesabu ya umri tu, na kila familia ya huko inaweza kumweka wa kwake mahali pake.

Utoto wake ulikuwa wa pamba na barabara. Wakati huo Kalemie inaitwa Albertville, mji wa bandari na reli. Reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imefika ziwani tangu mwaka 1915, wakati Wabelgiji na Waingereza wakipambana na Wajerumani juu ya maji ya Tanganyika. Katika vijiji vya Katanga ya kaskazini kilimo cha pamba kilikuwa cha lazima. Serikali ya kikoloni ilipanga nani alime kiasi gani, kampuni zikanunua kwa bei zilizopangwa, na asiyelima alijua kitakachompata. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikasimama Albertville kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichosokota nyuzi na kufuma vitambaa. Kiwanda kinahitaji nguvu, na nguvu ilikuwa inaporomoka bure milimani, kule Kiymbi.

Hapo ndipo Bendera ilipopata sura tunayoijua. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga kituo cha kuzalisha umeme kwenye mto huo. Maji yanachukuliwa juu, yanashushwa kwa mabomba na kupiga turubini chini, kisha waya zinapita juu ya miti hadi mjini ziwani. Mitambo miwili ikafungwa, jumla yake kama megawati 17. Kwa macho ya leo ni kidogo. Kwa mji kama Albertville ulikuwa utajiri. Msichana wa miaka kumi na kitu aliyekulia karibu na kazi hiyo aliona milima ikipasuliwa kwa baruti, akaona wanaume waliotoka mbali wakipanga foleni ya mshahara. Kwenye wasifu mwaka kama huo unaandikwa "alikuwa mtoto" na kupitwa.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa na miaka 15 hivi. Katika uchaguzi uliotangulia, mwezi Mei, mama yake hakupiga kura, wala shangazi zake. Kura ilikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wa Kongo walipewa haki hiyo mwaka 1967, chini ya Mobutu, utawala ambao haukuwa na mengi ya kuchagua. Lumumba, Kasavubu, Tshombe, Sendwe: hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuomba kura ya mwanamke wa Kongo katika uchaguzi ule. Mjukuu anayesoma wasifu angeweza kusema sentensi hiyo moja, na turubai zima likanyamaza.

Siku kumi na moja baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Huku kaskazini Baluba wa chama cha Balubakat, wakiongozwa na Jason Sendwe, walikataa, na damu ikamwagika miaka miwili na zaidi. Vijana wa chama hicho waliingia porini, na mmojawapo aliitwa Laurent-Désiré Kabila. Sendwe mwenyewe aliuawa mwezi Juni 1964, wakati waasi walipouteka mji wa Albertville. Jeshi la serikali na mamluki wakaurudisha mwishoni mwa Agosti. Nkambo wetu ana miaka 19. Kwa desturi ya wakati ule, ameolewa tayari.

Sasa tufike kwenye siku ambayo Bendera iliingia katika historia ya dunia bila kuombwa ruhusa.

Tarehe 24 Aprili 1965, mtu mmoja aliyenyoa ndevu zake alivuka ziwa kwa mashua kutoka Kigoma akateremka Kibamba, upande wa Kongo. Alijiita Tatu. Alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyekuwa waziri wa viwanda wa Cuba, amekuja kuwafundisha waasi wa mashariki vita vya porini. Wacuba waliomfuata, zaidi ya mia moja, walipewa majina ya kuhesabia: Moja, Mbili na kuendelea. Walipanda mlimani wakaweka kambi. Viongozi wa waasi walitaka ushindi wa haraka na wa kuonekana, na shabaha waliyoichagua ni kambi ya jeshi iliyolinda kituo cha umeme cha Bendera.

Guevara hakulipenda wazo hilo. Aliona ni heri kuanza na shabaha ndogo. Aliomba walau aende mwenyewe, lakini idhini ya Kabila, sasa mmoja wa viongozi wa waasi, haikufika, akabaki kambini juu. Kikosi kikateremka chini ya Moja, yaani Víctor Dreke, Mcuba mweusi aliyekwisha kupigana vitani kwao. Walikuwamo Wacuba wapatao arobaini, Wakongo, na wapiganaji Wanyarwanda wa kamanda Mundandi. Shambulio lilianza alfajiri ya tarehe 29 Juni 1965, siku moja kabla uhuru haujatimiza miaka mitano.

Lilivunjika. Wengi walikimbia risasi za kwanza, wengine hawakupiga hata moja. Dawa ya maji waliyopakwa ili risasi zisiwapate haikuwasaidia. Wacuba wanne walikufa, na Wanyarwanda wengi zaidi yao. Kwenye miili ya Wacuba askari waliokota karatasi zilizowasaliti wenzao, na tangu siku hiyo serikali ya Léopoldville na Wamarekani walijua Cuba iko Kongo. Ilipofika Septemba, mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua, na tarehe 21 Novemba Guevara akavuka ziwa kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye Mobutu akachukua nchi.

Haya yote tunayajua kwa sababu Guevara alikwenda Dar es Salaam, akajifungia katika ubalozi wa Cuba, akaandika. Aliandika kwa uchungu na bila kujipamba. Ni haki kumsifu kwa hilo. Lakini katika kumbukumbu za wapiganaji Bendera ni mahandaki, mizinga, mto na mteremko. Ndani ya kambi ile na pembeni yake waliishi wake wa askari, wafanyakazi wa kituo na familia zao, wakulima wa mihogo. Msichana wa miaka 20 mwenye kitoto alfajiri ile alifanya nini? Alilala chini ya kitanda, alikimbilia kichaka gani, alipika nini kesho yake? Hilo hakuna Mcuba aliyeliandika, na hakuna sababu ya kumtegemea aliandike. Linasubiri mjukuu.

Miaka thelathini ya Mobutu inaweza kupitiwa upesi, maana wasikilizaji wengi mnayo kichwani. Nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971, mto Kongo ukabadilishiwa jina, na mwaka 1972 majina ya ubatizo yakafutwa, Marie na Thérèse wakatafuta majina ya mababu. Albertville ikawa Kalemie. Milimani, upande wa Fizi, Kabila alibaki na kundi lake katika maficho yaliyoitwa Hewa Bora, na mwezi Mei 1975 watu wake walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne wa utafiti wa sokwe pale Gombe, Tanzania. Dunia ikaandika juu ya vijana hao wa kigeni wiki kwa wiki. Wakazi wa ukingo wa magharibi walikuwa wameishi kati ya jeshi na waasi miaka kumi, na waliendelea kuishi hivyo.

Jambo moja la miaka hiyo linastahili kusimamishwa kidogo, nalo ni Krismasi ya 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na zaire kumi zimekufa. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha benki, tena kwa kiwango kilichowekewa mpaka. Basi mwanamke wa kijijini, anayeuza unga wa mihogo na ndakala sokoni, benki yake ni mkebe wa maziwa uliozikwa chini ya mafiga. Benki halisi iko Kalemie, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu gari likikosekana, na mpaka afike foleni imekwisha kuzunguka jengo. Ada ya shule ya watoto, mahari ya kijana, bati za nyumba, vyote vikawa karatasi za kuwashia moto. Kuna watoto wa kike walioacha shule Januari ile, na sababu ilikuwa mkebe. Ukiuliza kwa nini mama yako mdogo hakumaliza darasa la sita, usishangae ukijibiwa kwa habari ya noti.

Filtisaf nayo ilizidi kudhoofika, mpaka mashine zikanyamaza. Vitenge vikaanza kuja kutoka mbali.

Kisha vita vikarudi, safari hii kwa jina la yule yule kijana wa Balubakat, sasa mzee. Mwanzoni mwa 1997 wapiganaji wake wa AFDL waliichukua Kalemie, na tarehe 17 Mei Kabila akaingia madarakani Kinshasa. Mwaka uliofuata, Agosti 1998, vita vya pili vikalipuka, na Kalemie ikawa mikononi mwa waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda. Nkambo ana miaka 53. Ni umri wa kupakata wajukuu na kuheshimiwa, lakini familia zilipakia sufuria kwenye mitumbwi zikavuka kwenda Kigoma, wengine wakafika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Ajabu ya maisha, huko ukimbizini ndiko wanawake wengi wa rika lake walikoandikwa tarehe kamili ya kuzaliwa kwa mara ya kwanza. Mwandishi wa kambi aliuliza, mama akajibu kwamba hajui siku, na kalamu ikaweka tarehe 1 Januari. Ndiyo maana familia nyingi zina wazee waliozaliwa wote siku ya mwaka mpya.

Kuanzia 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi ng'ambo. Tarehe 5 Desemba mwaka huo huo ardhi ilitikisika chini ya ziwa, tetemeko la ukubwa wa 6.8, nyumba zikaanguka Kalemie. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa na mkoa wa Tanganyika ukazaliwa, Kalemie ikiwa makao yake makuu. Lakini kwa wazee jina jipya la mkoa halikuwa habari kubwa kama mapigano ya Batwa na Baluba yaliyowaka tangu 2013, yakachoma vijiji vya Nyunzu, Manono na Kalemie na kuwafukuza watu kwa malaki. Mwanamke aliyekimbia zamani na mwanawe mgongoni, sasa alikimbia akishikwa mkono na mjukuu. Na huko kaskazini, njia za Bendera ziliendelea kuwa na watu wenye bunduki.

Hayo ndiyo yaliyomo katika "karibu na mwaka 1945".

Je, yupo aliyewahi kuandika maisha ya mwanamke hivi, kwa lugha yetu na kwa upande wetu wa dunia? Wapo. Shaaban Robert, ambaye angeweza kuchagua sultani yeyote, alichagua kuandika wasifu wa Siti binti Saad, binti wa Fumba, Unguja, aliyefinyanga na kuuza vyungu kabla sauti yake haijampeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Shaaban alimwendea yeye mwenyewe akamuuliza, kabla Siti hajafariki mwaka 1950. Ndiyo sababu tunajua alikotoka na kilichomwumiza, wala hatukubaki na nyimbo peke yake.

Karibu zaidi na ziwa letu, upande wa kusini, kulikuwa na Meli, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto mdogo katika miaka ya mwisho ya biashara hiyo. Maisha yake yaliandikwa na mjukuu wake mwenyewe. Bibi mwingine wa ukanda ule, Narwimba, alimsimulia mmishenari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, jinsi alivyopita mikononi mwa mabwana na kujitahidi asitenganishwe na watoto. Mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya simulizi hizo katika kitabu mwaka 1993, na leo vyuo vikuu vinayasoma maneno ya akina mama hao ili kuelewa utumwa wa Afrika ya kati. Mjukuu wa Meli hakuwa profesa. Alikuwa na bibi, kalamu na subira ya kusikiliza.

Upande wa pili wa mizani kuna Freddy Ilanga, kijana Mkongo aliyemfundisha Guevara Kiswahili na kumtafsiria porini. Alipelekwa Cuba, akawa daktari, na miongo ikapita kabla hajapata tena habari za ndugu zake wa Bukavu. Filamu imetengenezwa juu yake, na anastahili. Anayetaka kujua upande wa waliobaki wakimngoja aanze kutafuta kwenye jiko la mama zao.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi wake. Ukimwuliza mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" umemfungia mlango. Wanawake wa vijijini huweka kalenda yao kwenye watoto. Muulize alikuwa na mimba ya mtoto gani waasi wa Simba walipofika, nani alikuwa ananyonya siku noti zilipokufa, nani alikuwa ameanza shule Kabila alipoingia Kinshasa. Akisema kwamba mtoto wa nne alikuwa anatambaa noti zilipokufa, basi mtoto huyo alizaliwa katikati ya mwaka 1979, na kutoka kwake unaweza kurudi nyuma hadi wa kwanza, na kutoka wa kwanza hadi ndoa. Ndani ya jioni mbili familia inapata miaka ambayo ofisi ya serikali haikuwahi kuwa nayo. Muulize pia bei: chumvi ilikuwa kiasi gani, kitenge cha Filtisaf kiliuzwaje. Mzee anaweza kusahau jina la gavana, bei hasahau. Na akinyamaza kwenye jambo fulani, hasa la vita, mwache. Kuna mambo ambayo mwanamke amejiamulia kuyazika mwenyewe, na mjukuu hana haki ya kuyafukua ili wasifu unoge.

Simu mnazo mifukoni, na karibu zote zinarekodi sauti. Umeme wa kuzichaji, kwa walio Kalemie siku shirika la umeme SNEL linapowakumbuka, unatoka kule kule Bendera. Basi kabla ya Jumapili hii, mwenye mama au nkambo aliye hai aketi naye baada ya bukari ya jioni, amuulize swali moja tu: mwaka 1965, mwezi wa sita, ulilala wapi? Aandike jibu na jina la mahali, aandike tarehe ya siku aliyoulizwa, aweke sahihi yake, na karatasi ikae ndani ya Biblia ya nyumbani, mahali ambapo hata watakaokimbia tena wataibeba.